Mary Ainsworth: Profesa wa saikolojia aliyefundishwa na akina mama wa Buganda

NSAMBYA, Kampala

Mama anayesafirisha vitenge kati ya Kampala na Busia ana hesabu moja isiyoandikwa kwenye karatasi za forodha. Ni hesabu ya mtoto. Amwache na nani? Kwa siku ngapi? Na siku akirudi, mtoto atamkimbilia au atamtazama kama mgeni? Hapa Nsambya, katika nyumba za kupanga zilizo chini ya kilima cha hospitali, hesabu hiyo hupigwa alfajiri, kabla taksi za kwanza hazijaanza kuita abiria wa mjini.

Mwaka 1954 alifika Kampala mwanamke kutoka Kanada aliyekuwa na swali la namna hiyo hiyo. Hakuja kufanya biashara. Alikuwa mwanasaikolojia mwenye shahada ya uzamivu, mke wa mtu aliyepata kazi Makerere, naye mwenyewe hakuwa na ajira alipofika. Aliingia katika nyumba za Waganda, akaketi, akatazama watoto wachanga na mama zao, akaandika. Alichokiandika kilibadilisha masomo ya saikolojia ya mtoto katika vyuo vikuu vya dunia.

Jina lake ni Mary Ainsworth. Alifariki Machi 21, 1999, akiwa na umri wa miaka 85. Mwanafunzi yeyote wa saikolojia, awe Nairobi, Dar es Salaam au London, hukutana na jina hilo mapema katika masomo yake. Lakini ukiwauliza watu mitaani Kampala, si wengi watakaokuambia kwamba kazi iliyomjenga ilifanyika hapa, na kwamba walimu wake wakubwa walikuwa wakulima na akina mama wa nyumbani wa Buganda.

Binti aliyesoma mapema

Alizaliwa Desemba 1, 1913, huko Glendale katika jimbo la Ohio, Marekani, akiitwa Mary Dinsmore Salter. Alikuwa wa kwanza kati ya mabinti watatu. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamesoma chuo, jambo lisilo la kawaida kwa wanawake wa kizazi cha mama yake. Mwaka 1918 baba yake, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bidhaa za aluminiamu, alihamishiwa tawi la Kanada. Familia ikavuka mpaka na kuhamia Toronto, na huko ndiko Mary alikokulia.

Alijua kusoma akiwa na miaka mitatu. Nyumbani kwao kwenda maktaba ilikuwa ada ya kila wiki. Akiwa na miaka 15 alisoma kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall kuhusu tabia na mwenendo wa maisha, akagundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: kwamba mtu anaweza kutafuta ndani ya nafsi yake sababu za yale anayoyahisi na kuyatenda. Tangu siku hizo alijua kazi anayoitaka.

Mwaka 1929 aliingia Chuo Kikuu cha Toronto akiwa bado hajatimiza miaka 16. Hapo alipata shahada ya kwanza mwaka 1935, ya uzamili mwaka 1936 na ya uzamivu mwaka 1939.

Mwalimu aliyemwelekeza alikuwa William Blatz, mtu aliyeheshimika sana Kanada kwa masomo ya malezi. Blatz alifundisha kwamba mtoto mdogo anahitaji kwanza kujisikia salama kwa wazazi wake. Akishapata usalama huo, ndipo hupata ujasiri wa kwenda kutazama dunia, kujaribu, kukosea na kujifunza. Mary aliandika tasnifu yake juu ya fikra hiyo. Kwa wakati huo ilikuwa ni nadharia ya darasani, iliyopimwa kwa maswali ya kujaza kwenye karatasi. Hakujua kwamba angekuja kuiona ikitembea kwa magoti kwenye sakafu ya nyumba ya Kiganda.

Vita, na mlango uliofungwa

Baada ya kuhitimu alibaki Toronto akifundisha. Katika miaka hiyo alikaribia kupata nafasi katika Chuo Kikuu cha Queen's, pia cha Kanada. Mkuu wa idara alimtaka, lakini baraza la chuo lilikataa kumwajiri mwanamke. Elimu yake haikuwa na kasoro; kilichomzuia ni jinsia yake.

Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, alijiunga na jeshi la wanawake la Kanada. Kazi yake ilikuwa kuchagua watu kwa ajili ya nafasi mbalimbali: kuwahoji, kuwapima, kuamua nani anafaa wapi. Kufikia mwaka 1945 alikuwa na cheo cha meja. Vita vilipokwisha alirudi Toronto akiwa mhadhiri, akafundisha saikolojia ya utu na vipimo vyake, akashirikiana na mtaalamu Bruno Klopfer kuandika kitabu kuhusu kile kipimo maarufu cha madoa ya wino.

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, askari wa zamani wa vita aliyekuwa akisoma katika idara hiyo hiyo. Mke alikuwa mwalimu, mume mwanafunzi. Wote wawili waliona hali hiyo haifai, hivyo wakaamua kwamba Leonard akamalizie masomo yake ya uzamivu London. Mary aliacha kazi yake akamfuata.

Wanawake wengi wa kanda yetu wanaijua hadithi hiyo. Mume akipata kazi Kigali au Juba, mke hufunga kibanda chake Kampala, akaanza upya katika mji asiojua bei zake wala watu wake. Wengine hupoteza mtaji wote. Wengine hukuta soko ambalo wasingelipata kama wangebaki walipokuwa.

Tangazo la kazi London

London hakukuwa na kazi inayomngoja. Rafiki yake alimwonyesha tangazo gazetini: anatakiwa mtafiti wa saikolojia katika Kliniki ya Tavistock, achunguze athari za mtoto mdogo kutenganishwa na mama yake. Aliomba, akapata.

Bosi wake mpya alikuwa daktari wa magonjwa ya akili aitwaye John Bowlby. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti ya Bowlby kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama, wengi wao wakiwa wahanga wa vita. Wakati huo katika hospitali nyingi za Uingereza, mtoto akilazwa, wazazi waliruhusiwa kumwona kwa saa chache tu kwa wiki. Kwa mzazi wa Afrika Mashariki, aliyezoea mama kulala pembeni ya kitanda cha mtoto mgonjwa, utaratibu huo ni mgumu hata kuufikiria.

Katika ofisi ya Bowlby alikuwemo James Robertson, aliyekuwa akikaa wodini na kuandika kila alichokiona kwa watoto hao: siku ya kwanza walilia, baadaye wakanyamaza, mwisho mama aliporudi wengine wakamgeuzia uso. Mary alipitia kumbukumbu zake na akavutiwa na njia hiyo. Aliona kwamba kumtazama mtoto katika maisha yake ya kila siku, bila haraka, kunafundisha mambo ambayo karatasi za maswali haziwezi kufundisha. Aliazimia kwamba akipata utafiti wake mwenyewe, atafuata njia hiyo.

Kampala isiyo na Kabaka

Nafasi hiyo ilikuja kwa njia ya mume tena. Leonard alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Makerere. Taasisi hiyo, ambayo leo inaendelea kama Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, ilikuwa kituo cha watafiti wa kanda nzima, kama vile Chuo cha Makerere kilivyokuwa kikipokea vijana kutoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar pamoja na wa Uganda.

Bowlby hakufurahia kumpoteza. Lakini Mary alifika Kampala na jambo lake kichwani, akaenda kumwona mkurugenzi wa taasisi, Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekuwa na uzoefu mkubwa wa Afrika. Richards alikubali kutafuta fedha za utafiti wake.

Kampala ya mwaka 1954 haikuwa mji mtulivu. Novemba 30, 1953, Gavana Andrew Cohen alikuwa amempeleka Kabaka Mutesa II uhamishoni Uingereza. Buganda nzima ilikuwa katika huzuni na hasira, na Kabaka hakurudi hadi Oktoba 17, 1955. Ainsworth aliishi hapa ndani ya kipindi hicho hicho. Ni katika hali hiyo ambapo mwanamke mzungu mwenye daftari alikwenda kubisha hodi kwenye nyumba za Waganda, akiomba aruhusiwe kutazama watoto wao.

Hakwenda peke yake. Alijifunza Luganda kiasi cha kufuata mazungumzo, na kwa mengine yote alimtegemea mkalimani na msaidizi wake, Katie Kibuka. Katika masimulizi mengi ya kazi hii jina la Kibuka hutajwa kwa mstari mmoja. Mfanyabiashara anayejua thamani ya wakala mwaminifu upande wa pili wa mpaka ataelewa kwamba mstari mmoja ni mdogo. Bila mtu anayeaminika na wenyeji, anayejua swali lipi liulizwe na lipi lingoje siku nyingine, milango ile isingefunguka, na kama ingefunguka isingebaki wazi kwa miezi.

Alichokiona sebuleni

Utafiti ulifanyika katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Ulihusisha familia 26 zenye watoto 28 waliokuwa bado wananyonya. Kila nyumba ilitembelewa kila baada ya wiki mbili, kwa saa mbili hivi, na baadhi ziliendelea kutembelewa hadi miezi tisa. Ziara zilifanyika alasiri, wakati mama wa Kiganda alipokuwa amemaliza kazi za shamba na kuwa tayari kupokea wageni sebuleni. Mtoto alikuwepo, ndugu walikuwepo, majirani walipita. Yalikuwa maisha ya kawaida.

Mwanzoni alitaka kuchunguza kuachishwa ziwa. Alikuwa amesikia kwamba kwa desturi ya Waganda mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kuishi kwa jjajja wake au jamaa mwingine. Kwa mtaalamu wa mambo ya kutengana, hiyo ilikuwa nafasi adimu. Alipofika vijijini akakuta desturi hiyo imeshapungua sana. Mama wengi waliwaachisha watoto ziwa huku wakibaki nao nyumbani.

Swali lake likawa limekosa soko. Mtafiti mwingine angefunga mizigo. Yeye alibaki, akaanza kuuliza jambo la msingi zaidi: mtoto anaanzaje kushikamana na mama yake? Ni lini anamtambua kuliko wengine wote, na anaonyeshaje?

Majibu aliyaona kwa macho. Mtoto wa miezi michache alinyamaza akishikwa na mama, lakini si akishikwa na mwingine. Mama akitoka chumbani, mtoto alilia au alimfuata kwa kutambaa. Akirudi, mtoto alipiga makofi ya furaha, namna ya Kiganda ya kumlaki mtu, wakati watoto wa Kimarekani aliowatazama baadaye walizoea kukumbatia na kubusu.

Kisha aliona jambo lililomrudisha kwa Blatz na darasa la Toronto. Mtoto anayetambaa alimwacha mama alipoketi, akaenda kuchungulia kitu mlangoni au kwa mgeni, akageuka kumtazama mama, akaendelea mbele. Mara akarudi, akagusa goti la mama, akaondoka tena. Mama alikuwa kama kituo ambacho safari huanzia na kurudia. Mtoto aliyekuwa na uhakika na kituo chake alikwenda mbali zaidi. Yule asiyekuwa na uhakika alibaki aking'ang'ania nguo ya mama, na hata akibebwa aliendelea kulia.

Kati ya watoto 28, Ainsworth aliwahesabu 16 kuwa wameshikamana na mama zao kwa usalama. Saba walikuwa na mshikamano wenye mashaka. Watano hawakuonyesha bado kumtofautisha mama na watu wengine.

Akatafuta sababu ya tofauti hiyo. Hakuikuta kwenye idadi ya watu wanaomlea mtoto: nyumba yenye walezi wengi haikutoa watoto wenye mashaka kuliko nyumba yenye mlezi mmoja. Watoto wengi walishikamana pia na baba, bibi au ndugu zao. Aliikuta kwenye kiasi cha malezi ambayo mama mwenyewe alimpa mtoto, kwenye furaha ya mama katika kunyonyesha, na kwenye jambo la tatu ambalo watafiti wengi wasingelifikiria: ubora wa mama katika kueleza habari za mtoto wake. Mama aliyeweza kusema bila kusita kwamba mtoto huyu hulala vipi, huogopa nini, hulia namna gani akiwa na njaa na namna gani akiwa amechoka, ndiye ambaye mtoto wake alikuwa mtulivu. Alimjua kwa sababu alikuwa akimtazama.

Kwa Ainsworth mwenyewe utafiti huu ulikuwa mgeuko. Alipokuja Uganda alikuwa na shaka na fikra mpya za Bowlby, aliyeanza kusema kwamba mtoto huzaliwa na hitaji la kushikamana na mtu, mbali na hitaji la chakula. Wanasaikolojia wengi wakati huo waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa kuwa mama ndiye anayemlisha. Nyumba za Buganda zilimwondolea shaka hiyo. Mwaka 1955 alipoondoka Kampala alikuwa amebeba madaftari yake na msimamo mpya.

Baltimore: mshahara na chumba cha chakula

Waliondoka kwa sababu Leonard alipata kazi Baltimore, Marekani. Kwa mara ya tatu Mary aliingia mji mpya bila ajira. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilimpa vipindi vya kufundisha, na kwa muda alifanya pia kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya akili. Mwaka 1958 alipata nafasi ya kudumu chuoni hapo, na mwaka 1963 akawa profesa kamili.

Haikuwa rahisi. Ilimbidi adai mshahara unaolingana na umri wake, uzoefu wake na kazi aliyoifanya. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, maprofesa wanawake katika chuo hicho hawakuruhusiwa kula katika chumba kikuu cha chakula cha wanaume. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960. Aliugua huzuni nzito, akatafuta tiba ya mazungumzo kwa mtaalamu, naye akaiendeleza kwa miaka kadhaa. Hakuwahi kupata mtoto, ingawa alitamani.

Mwaka 1963 alianza utafiti wa pili, akiutumia ule wa Uganda kama kigezo. Safari hii zilikuwa familia 26 za Baltimore, zilizotembelewa tangu mtoto akiwa na wiki tatu hadi alipopita mwaka mmoja. Kila ziara ilichukua saa nne hivi, na kila familia ilitazamwa kwa jumla ya saa 72. Moja ya matokeo iliwashangaza wengi. Watoto ambao mama zao waliitikia kilio chao haraka katika miezi ya kwanza walilia kidogo zaidi mwishoni mwa mwaka. Kabla ya hapo wataalamu kadhaa walishauri mtoto aachwe alie ili asidekezwe.

Dakika 20 zilizotokana na Uganda

Lakini Baltimore ilimletea kikwazo. Watoto wa Kimarekani, wakiwa nyumbani kwao, hawakuonyesha waziwazi ile safari ya kwenda na kurudi kwa mama aliyoiona Buganda. Walikuwa wamezoea kuona mama akitoka na kuingia chumbani, hivyo hawakujali sana. Ili alinganishe, ilimbidi awapeleke mahali wasipopazoea.

Pamoja na msaidizi wake Barbara Wittig, akatengeneza jaribio lililokuja kujulikana kama Hali Ngeni. Mtoto wa mwaka mmoja huingia na mama katika chumba chenye vitu vya kuchezea. Mgeni huingia. Mama hutoka, hurudi, hutoka tena, hurudi tena. Hatua ni nane na zote huchukua dakika 20 hivi.

Wengi walidhani la kutazama ni kama mtoto analia mama akiondoka. Ainsworth aliona kwamba linalosema zaidi ni mama akirudi. Mtoto mmoja humkimbilia, akabembelezwa, akatulia na kurudi kwenye michezo. Mwingine hujifanya hakuona mtu aliyeingia. Wa tatu humtaka mama na papo hapo kumsukuma kwa hasira, bila kutulia. Makundi hayo matatu aliyaeleza kwa kina mwaka 1978 katika kitabu alichoandika na wenzake watatu. Jaribio hilo limefanywa katika nchi nyingi za dunia tangu wakati huo.

Kitabu chake cha utafiti wa Buganda kilichapishwa Baltimore mwaka 1967, miaka 12 baada ya kuondoka Kampala. Muuza kahawa ataitambua njia hiyo. Buni huvunwa huku, hukaangwa ng'ambo, na hurudi madukani kwetu ikiwa na jina lingine kwenye pakiti. Ainsworth mwenyewe hakuficha chimbuko. Jina la Uganda aliliweka kwenye jalada. Waliokuja baada yake ndio walioanza hadithi kutoka chumba cha Baltimore, wakakiruka kijiji.

Wanafunzi na wapinzani

Katikati ya miaka ya 1970 alihamia Chuo Kikuu cha Virginia, akafundisha huko hadi alipostaafu mwaka 1984. Wanafunzi wake wakawa maprofesa. Mary Main aliongeza kundi la nne la watoto, wale ambao mwenendo wao hauna mpangilio. Inge Bretherton, Jude Cassidy na Everett Waters waliendeleza kazi hiyo kila mmoja kwa njia yake. Heshima zilikuja akiwa mzee: mwaka 1989 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilimpa tuzo ya mchango wa kisayansi, na mwaka 1998, miezi michache kabla ya kifo chake, akapewa nishani ya dhahabu.

Wapinzani walikuwepo na wapo. Wengine walisema kazi yake inawabebesha mama lawama zote. Wengine, hasa waliofanya utafiti Afrika na Asia, wanasema jaribio la chumba kimoja na mama mmoja halitoshi kumwelewa mtoto anayelelewa na shangazi, bibi, dada na majirani. Hoja hiyo ina uzito, na inafurahisha kuona kwamba sehemu ya ushahidi wake imo ndani ya daftari za Ainsworth mwenyewe, alipoandika kwamba walezi wengi hawakumdhuru mtoto wa Kiganda.

Kwa anayesafiri na mzigo

Nsambya ni kilima kilichojulikana kwa akina mama na watoto muda mrefu kabla ya Ainsworth. Masista Wafransisko, akiwemo Mama Kevin kutoka Ireland, walifika hapa mwaka 1903, na hospitali waliyoianzisha bado inazalisha akina mama wa Kampala na wa nchi jirani. Baadhi ya mama hao, mtoto akishaachishwa ziwa, na wengine hata kabla ya hapo, hurudi barabarani kwenda Busia, Malaba, Mutukula, Katuna, Mpondwe au Elegu. Kodi ya nyumba na ada ya shule haviwasubiri.

Utafiti wa mwaka 1954 hauwaambii waache biashara. Pia hauwaambii kwamba kutokuwepo hakuna athari, kwa sababu kiasi cha malezi ya mama kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta tofauti. Unachosema ni kwamba mtoto anaweza kuwa na zaidi ya mtu mmoja wa kumtegemea, mradi watu hao wanamjua na wanamwitikia. Msichana wa kazi anayebadilishwa kila miezi mitatu hapati muda wa kumjua mtoto. Jjajja au ssenga anayekaa naye mwaka hadi mwaka anapata. Jirani anayeweza kukueleza jioni kwamba leo mtoto alikula hiki, alikataa kile, aliogopa radi, huyo anamtazama mtoto kweli. Jirani anayejibu kila siku kwamba yuko sawa tu, ni vyema kumuuliza zaidi.

Nayo ile saa ya kurudi ina uzito wake. Mtoto akikugeuzia uso baada ya siku nne za safari, kwa mujibu wa kazi hii hajakusahau wala hana adabu mbaya. Anakueleza kwa njia aliyonayo kwamba alikungoja. Mzigo unaweza kufunguliwa kesho. Kwanza kaa chini, aje mwenyewe, aguse goti, aondoke, arudi.